Mfereji Ndani ya Plastiki

Asia alifuta kipande cha plastiki kwa ncha ya kanga, akakiinua dirishani kuona kama kina mkwaruzo. Hakikuwa nao. Kilikuwa kinene kama kipande cha sabuni na kiangavu kama maji. Kibandani kwake Mbugani alikuwa na mashine ya leza, ambayo mwanga wake hupiga na kukatika kabla jicho halijapepesa. Unapita juu bila kuacha alama, unakwenda kuchoma kitone kule ndani, kidogo kuliko chembe ya vumbi. Vitone vikikusanyika, ndiyo picha.

Lusungu alikuwa ameleta picha ya marehemu mama yake, Tulinagwe, akiwa na jembe shambani.

"Nakuchorea mtu tu, dada," Asia akasema. "Shamba haliwezi kuenea."

"Sawa tu. Hata lenyewe bamdogo kashalichukua."

Huyo baba yake mdogo, Angetile, msiba ulipoisha alifukia mfereji wa mpakani, akaunganisha mikakao ya Tulinagwe na ya kwake. Lusungu akahamia chumba cha kupanga Bondeni.

Asubuhi ya pili baada ya Lusungu kukipeleka kipande chumbani, mama aliyechorwa ndani yake alikuwa ameinama. Lusungu akaazima kioo cha kukuzia. Wiki hiyo ukaonekana mkakao mmoja, halafu mistari ya mikakao, halafu mfereji mwembamba kuliko unywele. Akarudi kwa Asia.

"Mashine nilizima," Asia akasema, akiwa bado anachungulia. "Huyo anajichimbia mwenyewe."

Lusungu akakipeleka kwa mwenyekiti wa kijiji, mzee Eliya, ambaye alitazama kwa jicho moja, kisha kwa lingine. Angetile, aliyekuwa ameitwa, naye akapewa kioo.

"Kumbe shemeji hata huko hapumziki," akasema. "Na mfereji kaunyoosha kweli."

"Ulikuwa unapita hapohapo," mwenyekiti akasema. "Mimi nilikuwa nauruka nikienda shule."

"Basi bamdogo aniachie shamba, baba," Lusungu akamwambia.

Mwenyekiti akafuta kioo kwa shati. "Mwanangu, mama yako kaonyesha mpaka wa humo ndani. Huku kwetu umeshafukiwa."

Angetile akaomba kutazama tena, maana alitaka kuona Tulinagwe anavyopunguza matawi. Akatazama sana. "Ndaga," akashukuru, akaenda kuvuna.

Tulinagwe naye alikuwa anavuna. Siku zilizofuata Lusungu aliona maganda yamepasuliwa, punje zimetandazwa mkekani. Chumba chake kilikuwa na dirisha moja, jua likiingia pembeni tu. Akasogeza ndoo, akakiweka kile kipande pale juani, kakao ya mama ikauke.