Ubaya wa Matawi

Mume wangu Machage yuko mahabusu Tarime kwa sababu ya neno moja, matawi. Hakuiba, hakupiga mtu. Na mwenye uwezo wa kumtoa ni mdogo wake mwenyewe, naye amefunga mdomo.

Machage ni mwalimu wa sayansi. Walipotuhamishia kijiji hiki kipya cha ujamaa, huku upande wa Susuni, tuliacha chemchemi yetu tukaja kukaa juu ya mawe, maana tuliahidiwa maji ya bomba. Bomba lilipofika, jeusi, la plastiki, sisi wanawake tulipiga vigelegele. Machage alilikunja kwa mkono mmoja tu, akanyamaza. Namjua. Akinyamaza hivyo, kuna balaa.

Mkutanoni akasimama na fito zilizonyooka na matawi ya miiba. Akafunga fito kwa kamba, zikabanana zikawa kitu kimoja kigumu. Akafunga miiba, likawa furushi la matundu matupu, ukilikanyaga linabonyea.

"Plastiki nayo ni hivi hivi," akasema. "Ndani yake kuna nyuzi ndogo mno, macho hayazioni. Zikinyooka, zinalala pamoja, plastiki inakuwa ngumu. Zikiwa na matawi hazibanani, inakuwa laini, na ikipata joto inalegea upesi. Tangi liko kilimani, maji yatashuka kwa nguvu, na bomba mnataka kulitandaza kwenye miamba, juani. Litapasuka! Tuombe lile gumu. Hili ubaya wake ni matawi."

"Hata tawi letu!" akapayuka Ryoba, mdogo wake Machage.

Lo! Mkutano mzima ukaangua kicheko. Wazee walicheka mpaka wakafuta machozi, maana tawi la Chama hapa kijijini lilikuwa limetuchosha kwa amri. Wangwe, katibu wa tawi, hakucheka.

"Mwalimu, unasema matawi yanalegeza?"

"Ya plastiki, ndugu katibu."

"Na wananchi wanachekea plastiki?"

Machage akasimamishwa kazi. Mtu mwingine angetulia, lakini mura yule, mume wangu, ni mbishi! Alikwenda kwa Wangwe akamwamkia kwa heshima, akamsihi: mimi nifukuzeni, ila bomba lifukieni ardhini jua lisilipate. Wangwe akamwambia arudi kwa mke wake.

Siku ya ufunguzi jua liliwaka vibaya. Mgeni rasmi akafungua koki, maji yakaja. Nilikuwa wa kwanza kukinga ndoo, na sitaki kusema uongo, nilifurahi, nikasahau hata mume wangu alisema nini. Ndoo haijafika nusu, huko juu kwenye miamba bomba likavimba kama koo la chura, likapasuka. Maji yote yakaishia kwenye mawe.

Mgeni rasmi akamgeukia Wangwe. Wangwe akatafuta pa kushika, akapapata.

"Kuna mtu alisema litapasuka," akasema. "Alijuaje, kama si hujuma?"

Askari wakamchukua Machage hapo hapo, mbele ya watoto wake. Shtaka likaandikwa kwamba alisema matawi ya Chama yanalegeza, kisha akaharibu bomba ili neno lake litimie. Na watu wale wale waliocheka wakatazama chini.

Nikamwendea Ryoba. "Shemeji, nenda ukawaambie. Neno la tawi la Chama ulisema wewe. Kaka yako alisema plastiki."

"Nikisema, shemeji, tutafungwa wawili."

"Ukinyamaza anafungwa asiye na kosa!"

"Nina watoto, shemeji."

Kwani wa Machage ni wa nani? Niliondoka nikilia kwa hasira.

Leo nimempitia tena, nimsihi kwa mara nyingine. Nimemkuta zizini. Amechana ukanda wa bomba lile lililopasuka, anamfungia ndama.

"Laini sana hii, shemeji," akaniambia, hata hanitazami. "Haimchuni shingo."

"Kaka yako alikueleza ni kwa nini," nikamwambia.

Akainama, akakaza fundo.