Siku Papa Walipoingia Mjini

Verlene Kopp alikuwa amelala chali chini ya nyumba yake, juu ya boksi la friji lililotandazwa kwenye matope yaliyoganda, akilipulizia bomba la maji kwa mashine ya kukaushia nywele. Machi ilikuwa inaishia, na bomba lilikuwa limeganda tena. Zamani mwenye uwanja huu wa nyumba za magurudumu angemtuma fundi. Tangu uwanja uuzwe, fundi hakuonekana, na theluji ya njiani waliikwangua wakazi wenyewe.

Akaona viatu vinakuja. Virefu, vya ngozi, safi.

"Bi. Kopp? Uko huko chini?"

"Niko. Sema tu hapo hapo. Nikitoka, bomba litaganda upya."

Alikuwa Kendall Ashby, binti aliyetumwa na kampuni iliyonunua uwanja, aliyezoea kupita nyumba hadi nyumba na kikapu cha keki.

"Nimepita kukukumbusha tu, mama. Mwisho wa Aprili. Tungependa uipokee kwa furaha hatua hii mpya."

"Hatua gani?"

"Ya kuhama."

Verlene akahamishia mashine mkono wa kushoto. Wa kulia ulikuwa umekufa ganzi. "Binti, nyumba hii ni yangu. Tulimaliza kuilipia wewe hujazaliwa."

"Nyumba ni yako kabisa, nani anabisha? Ardhi iliyo chini yake ndiyo yetu. Na nyumba yenyewe si ina magurudumu? Hakuna anayefukuzwa hapa. Mnaondoka na nyumba yenu."

"Magurudumu hayo hayajazunguka tangu nilipokuwa rika lako."

Kendall alicheka kidogo, kama mtu aliyetaniwa. "Nimekuachia keki mlangoni. Za maboga." Viatu vikaondoka, vikiruka madimbwi.

Fort Harlan ulikuwa unakua, kila mtu alisema hivyo. Mji huu wa jimbo la Indiana, Marekani, uliozungukwa na mahindi pande zote, ulikuwa unajijengea jumba la samaki wa baharini, lenye papa, na kando yake hoteli na bembea la duara refu kuliko mnara wa kanisa. Jumba lilisimama pale pale palipokuwa na kiwanda cha matairi, ambako Delmar, mumewe Verlene, alifanya kazi mpaka mapafu yakamshinda. Sasa alipumua kwa mrija puani, na mtungi wa oksijeni ulimfuata kila aendako. Uwanja wao wa nyumba za magurudumu, ng'ambo ya barabara, ungekuwa maegesho ya magari.

Verlene alipiga simu viwanja vyote vya wilaya, wakati wa mapumziko yake jikoni shuleni. Kila mahali waliuliza nyumba ni ya mwaka gani, na alipotaja, sauti ya upande wa pili ililegea.

"Samahani, mama. Nyumba za zamani hatupokei. Zinatuharibia sura ya mahali."

Akaenda kwenye kikao cha madiwani, bado kavaa aproni ya kazini. Kila mwananchi alipewa dakika tatu. Alianzia kwenye kiwanda, kwa kuwa ndiko mambo yalikoanzia, na alipofika kwenye ugonjwa wa Delmar taa nyekundu ikawaka mbele yake.

"Muda wako umekwisha, mama," alisema mwenyekiti kwa upole. "Asante kwa kushiriki."

"Sijafika kwenye jambo lenyewe."

"Tunathamini sana maoni yako. Anayefuata?"

Madiwani walinyoosha mikono wote, na maegesho yakapita.

Mwishowe mpwa wa Delmar alikubali waiweke nyumba nyuma ya ghala lake la mahindi, mwendo wa saa nzima kutoka mjini. Wakampata mvuta nyumba mmoja, Duane Pruitt, jitu lenye ndevu na lori kuukuu. Akaingia uvunguni na tochi, akatoka akijipangusa magoti.

"Mama Verlene, sikufichi. Fremu imeliwa na kutu."

"Itavutika?"

"Kuvutika itavutika. Kufika, siapi."

"Kuna mwingine atakayekubali?"

"Hakuna," alisema Duane.

Waliondoka siku ya mwisho kabisa, asubuhi ya mvua iliyochanganyika na barafu. Delmar alikaa mbele ya lori, mtungi katikati ya magoti. Verlene alifuata nyuma na gari lao dogo, macho kwenye ukuta wa chumba chao cha kulala uliokuwa ukiyumba mbele yake. Hawakufika mbali. Kwenye mzunguko wa barabara mpya, polisi kijana alinyoosha mkono.

"Pembeni! Barabara imefungwa."

"Tuna kibali cha leo," Duane alimwambia dirishani.

"Na mimi nina papa. Wametua uwanja wa ndege sasa hivi. Ingiza kando."

"Kando ni mtaro, kaka. Hiki nilichobeba hakihimili mtaro."

"Nimesema ingiza kando."

Duane akaingiza. Gurudumu la kulia likazama, nyumba ikainama, na Verlene akasikia mlio mrefu kama wa mti mkubwa unaoanguka. Nyumba ikakatika katikati. Nusu ya mbele ilibaki imening'inia kwenye lori, ya nyuma ikakaa matopeni, na baina yake kitanda chao kilionekana wazi, shuka za bluu zikilowa.

Delmar alishuka. Alitembea mpaka kwenye ufa, akatazama ndani kwa muda mrefu, kisha akaketi kwenye ukingo wa saruji.

"Rudi garini, mzee wangu. Utapata baridi."

"Niache kwanza, Verlene."

Polisi alikuja akiitazama saa yake. Uso ulikuwa umemshuka kidogo. "Pole, mama. Lakini jioni kuna ufunguzi, wageni watapita hapa. Hii lazima iwe imeondolewa."

"Iondolewe iende wapi?"

Polisi akakimbilia barabarani, maana ving'ora vilikuwa vimeshaanza. Pikipiki zikatangulia, magari ya polisi yakafuata, kisha lori jeupe, refu, lililochorwa mawimbi ubavuni, likienda taratibu kama lililobeba mayai. Ng'ambo ya barabara watoto wa shule walikuwa wamepangwa mstari, wamevaa makoti ya mvua ya njano, bendera ndogo mikononi. Verlene aliwatambua. Ndio aliokuwa akiwapakulia viazi kila mchana.

Lori la papa likapita. Watoto wakashangilia mpaka likapotea getini, kisha wakabaki na bendera zao, wakitafuta kingine cha kushangilia. Mwalimu wao, kijana mgeni, aliitazama nyumba iliyokatika, akamtazama Verlene aliyesimama mbele ya nyumba hiyo, akadhani labda nayo ni sehemu ya maonyesho.

"Mpungieni bibi yule," aliwaambia.

Wakampungia wote. Verlene hakujua la kufanya na mkono wake, akauinua, akawapungia.