Minyororo ya Mei Mosi

Kipande cha nondo kiliruka kutoka chini ya mashine ya kukatia majani kikampiga Kijakazi chini ya goti, naye hakupiga kelele. Aliketi tu kwenye majani yaliyolowa, reki bado mkononi, akautazama mguu wake. Wenzake ndio waliopiga kelele. Nassibu, dereva, alipozima trekta, khanga yake yote ilikuwa imeshalowa damu.

Tarsis, fundi wa kuchomelea wa karakana ya shirika la umma mtaani Gerezani, alikuwa ameitwa uwanjani Jangwani asubuhi hiyo kukaza shafti ya mashine. Ndiye aliyembeba mpaka kwenye tela. Njia nzima Kijakazi alimshika kola akimwuliza jambo lile lile: mama yake atapikiwa na nani? Hospitali wakamkata mguu.

Ilikuwa masika, na majani ya Jangwani yalikuwa yamefika kiunoni. Trekta lilitangulia na mashine yake nyuma, visu vikizunguka chini kwa kasi, na wanawake wa shirika wakafuata wakikusanya majani kwa reki. Chochote kilichojificha majanini, jiwe, chupa, chuma, kilirushwa kwao. Zamani mashine ilikuwa na kinga: minyororo mifupi iliyoning'inia nyuma, imebanana kama pazia, na bamba la chuma ubavuni. Minyororo ilikatika mmoja mmoja, haikurudishwa. Bamba lilikatwa likaziba sakafu ya Land Rover ya meneja. Tarsis alilikata mwenyewe, kwa amri.

Tangu siku ya ajali hakutulia. Alianza kazi akaiacha katikati. Nyumbani, mkewe Candida akimwekea chakula, alikula amesimama mlangoni. Hatimaye akaenda kugonga mlango wa meneja.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Ndugu Tarsis." Meneja Polycarp hakuinua macho. "Kama ni habari za yule mama, nimeshasikitika."

"Ni habari za kinga, mzee. Mashine zote mbili ziko wazi. Tukipata minyororo na bamba, nazifunga."

Hapo meneja akainua macho. Alifikiri kidogo, akatabasamu.

"Si vibaya. Mei Mosi trekta litapita mbele ya jukwaa kuu. Sitaki wageni waone mashine iko uchi. Funga."

"Stoo hakuna kitu."

"Stoo haina hata misumari, nani asiyejua? Kwani Kariakoo haipo?"

"Kariakoo siku hizi huuziwi chuma kwa risiti, mzee. Na huu msako wa walanguzi..."

"Fundi." Meneja alivua miwani. "Mimi nimekwambia funga. Fanya uwezavyo. Ukishindwa, niambie nitafute anayeweza."

Kariakoo ilikuwa imenuna. Maduka yenye rafu tupu, wenye maduka wakiwa vizingitini wanatazama barabara. Kila gari la serikali lilipopita, mtaa mzima ulinyamaza. Tarsis alizunguka tangu asubuhi, akajibiwa kwa kichwa tu, mpaka alipofika kwa Anaeli, Mchaga mwenzake aliyekuwa akiuza vifaa vya ujenzi. Anaeli alimpeleka uani, akasogeza magunia ya pumba, akafunua turubai. Minyororo ilikuwepo. Bamba lilikuwepo.

"Pesa yako siitaki, mdogo wangu. Pesa ndiyo wanayoitafuta. Hiyo baiskeli yako je?"

Tarsis aliitazama baiskeli iliyokuwa imeegemea ukuta. Ndiyo iliyokuwa ikimpeleka Candida kliniki, ndiyo iliyobeba maji bomba la mtaani lilipokauka.

"Chukua," alisema.

"Na mimi hukuniona."

"Sikukuona."

Alifanya kazi kwa vijiti vya kuchomelea alivyokuwa ameviweka akiba. Alikata minyororo vipande vilivyolingana, akaining'iniza nyuma ya mashine ya kwanza mpaka mkono haukupita katikati. Akafunga bamba ubavuni kwa boliti. Kisha wakaenda Jangwani, akamwaga mawe na chupa majanini, akamwambia Nassibu apite juu yake. Mlio ulikuwa wa kutisha. Lakini mawe yaligonga minyororo yakaanguka papo hapo, na kilichotoka nyuma kilikuwa majani matupu.

Siti, aliyekuwa akifanya kazi bega kwa bega na Kijakazi, alikuwa amesimama mbali. Akasogea. Akainama, akaitikisa minyororo kwa mkono.

"Fundi, kumbe kazi yenyewe ndiyo hii tu?"

"Ndiyo hii."

"Na mguu wa Kijakazi umekwenda kwa kukosa hii?"

Tarsis alijishughulisha na boliti iliyokwisha kukazwa.

Minyororo iliyobaki ilikuwa ya mashine ya pili, ambayo injini ya trekta lake ilikuwa bado inatengenezwa. Karakanani kitu hakilali bila kuibwa, kwa hiyo akaitia guniani akaipeleka nyumbani, chumba chao cha kupanga, akaisukuma mvunguni. Wiki ile watu walikuwa wakimwaga sukari mitaroni na kutupa majora ya vitambaa mtoni ili wasikutwe nayo. Redio ya jirani ilitaja wahujumu uchumi kila taarifa ya habari.

"Itupe," alisema Candida.

"Ya kazini hiyo."

"Kazini kwa baba yako? Baiskeli umetoa, sasa unataka kutoa na sisi?"

Tarsis alivuta gunia mpaka mlangoni. Akasimama nalo. Akilini akamwona Kijakazi kitandani hospitali akipapasa shuka pale ambapo mguu haukuwepo. Akalirudisha. Baadaye akalitoa tena, akalirudisha tena, mpaka Candida akageukia ukutani akalia kimya kimya.

Walikuja alasiri, askari wawili na mgambo, Candida akiwa anachambua mchele uani. Hawakupekua sana. Gunia lilikuwa la kwanza kuguswa.

"Risiti?"

"Ni ya shirika, afande. Meneja wangu anajua," Tarsis alijibu.

"Twende kwa meneja wako," afande alisema, akimtia pingu.

Meneja Polycarp aliwapokea nje ya ofisi, miwani mkononi. Aliwapa mkono askari, Tarsis hakumpa.

"Afande, hili ni shirika la umma. Sisi hatununui vitu uchochoroni."

"Mzee, ulisema Kariakoo ipo," Tarsis alisema.

"Nilisema ipo. Kwani haipo?" Meneja akawageukia askari. "Nilimwagiza afunge kinga. Sikumtuma kwa walanguzi. Mngeniuliza mimi, ningewaambia kijana ni mchapakazi. Ila tamaa."

Afande alizunguka trekta lililoegeshwa kando, akapiga teke pazia la minyororo. "Na hii?"

"Sijui alikoitoa," alisema meneja.

"Basi ni kidhibiti. Iondolewe."

Mafundi wengine walitazama chini. Hakuna aliyeshika spana. Ndipo afande akamfungua Tarsis pingu. Alilala chini ya mashine, tope likamwingia shingoni, akafungua bamba alilolifunga mwenyewe. Minyororo aliikata kwa tindo, kipande baada ya kipande. Kazi haikuharibika.

Asubuhi alikuwa ameketi sakafuni kwenye baraza ya kituo, akisubiri kupelekwa alikotakiwa kupelekwa. Hakuna aliyemwambia ni wapi. Kando yake minyororo ilirundikwa pamoja na madebe ya mafuta ya kula na katoni za sabuni.

Siti alikuja na wenzake wote, khanga zimefungwa viunoni. Walisimama mbele ya kaunta.

"Tumekuja kumsemea fundi," Siti alisema. "Ile kinga alitufungia sisi. Baiskeli yake ndiyo aliyotoa."

Koplo alifungua kalamu. "Nani aliyempa minyororo kwa baiskeli? Haya, majina yenu na nyumba mnazokaa, mmoja mmoja."

Walitazamana. Siti akasogea. "Andika la kwangu. Siti binti Mbaruku."

Kabla hajamaliza, honi ililia nje. Nassibu alikuwa juu ya trekta, mashine na tela nyuma. Hakutazama barazani.

"Meneja anasema kiwanja cha Jangwani kiishe leo, Mei Mosi ni kesho kutwa," alisema. "Asiyepanda asije tena kazini. Mimi nimetumwa tu, dada zangu."

Paskalina, aliyekuwa karibu na mlango, ndiye aliyetoka kwanza. Alipofika barazani alisimama mbele ya Tarsis.

"Nina watoto, shemeji," alisema.

"Nenda," Tarsis alisema.

Wakatoka wengine. Mmoja aliomba katoni tupu ya sabuni, askari akampa. Juu ya tela wakaichana vipande, wakajifunga miundini, chini ya magoti, kwa kamba za katani, kila mmoja akimsaidia mwenzake kukaza. Kilichobaki wakakiweka kando kwa ajili ya Siti, ambaye bado alikuwa kwenye kaunta akitaja mtaa anaokaa.

Nassibu alipiga honi tena. Mvua ikaanza, ile ya matone makubwa, na maboksi miguuni mwa wanawake yakaanza kulegea.