Kura ya Mwaka wa Tano

Kampuni yetu ya Larrick ina sharti moja ambalo watu wenye haraka hulicheka. Kila mwaka wa tano wanahisa hukutana Edinburgh na kupiga kura: kampuni iendelee au ivunjwe. Mimi, Murdo Kinnear, nimeiongoza kupita kura kadhaa. Ile ya masika ya 2009 ndiyo iliyotaka kutuzika.

Kazi yetu ni kununua kampuni zisizomo kwenye soko la hisa, kuzilea miaka kadhaa, kisha kuziuza. Lakini sisi wenyewe tumo sokoni, na hisa yetu hununuliwa na yeyote, hata mwalimu mstaafu. Kwa hiyo soko likiingiwa na hofu, bei yetu huanguka hata kama viwanda vyetu havijazima mashine. Hayo niliyasoma katika shule ya jioni pale Leith, baada ya kutwa nzima ya kupakua shehena bandarini, na sijaona chuo ambacho kingenifunza vizuri zaidi.

Mwaka 2006 wenzetu walikuwa wakinunua kila kitu chenye paa. Mimi niliuza. Niliuza kiwanda cha biskuti, nikauza kampuni ya malori, fedha nikaziweka. Gazeti moja liliniita bibi kizee anayeficha senti chini ya godoro. Soko lilipoporomoka, waliokuwa wameahidi fedha wasizokuwa nazo walipiga magoti. Sisi tulisimama. Hata hivyo, hisa yetu ilikuwa ikiuzwa kwa nusu ya thamani ya mali tuliyokuwa nayo.

Hapo ndipo alipoingia Jolyon Trask, meneja wa mfuko mmoja wa uwekezaji wa London. Alinunua karibu theluthi ya hisa zetu kwa bei hiyo ya chee, akatangaza kwamba atapiga kura tuvunjwe. Kila kitu kiuzwe, agawiwe chake, aende zake. Kwake ilikuwa faida ya haraka. Kwetu ilikuwa kuuza kazi ya maisha yangu wakati mnunuzi pekee ni mlafi.

Asubuhi ya mkutano alinikuta kwenye meza ya chai.

"Mzee Kinnear, usichukulie vibaya," akasema. "Ni hesabu tu."

"Hesabu naijua, kijana. Wewe uvumilivu unaujua?"

"Uvumilivu haulipi riba."

"Basi kula keki. Na wewe umeichangia, ni mwanahisa."

Alikuwa bado anatafuna keki wakati Effie Baillie, katibu wa kampuni, alipofika na uso wa mtu anayezuia kicheko.

"Bwana Trask, hisa zako hazimo kwenye orodha ya wapiga kura."

"Haiwezekani! Nimezinunua mwenyewe!"

"Umezinunua, ndiyo. Benki inayokutunzia imezikodisha."

Desturi hiyo wanayo watu wa masoko peke yao. Hisa iliyolala hukodishwa kwa mtu anayebahatisha kwamba bei itashuka. Huyo huiuza, halafu baadaye hununua nyingine kwa bei ya chini ili kuirudisha, na kwa mkopo huo hulipa ada. Lakini kura huifuata hisa. Anayetaka kupiga kura sharti azirudishe zake nyumbani kabla orodha haijafungwa. Trask alisahau kuziita.

Alishika simu, akaifokea benki hadi masikio yakamwiva. Haikusaidia.

"Kwa ada ya senti chache!" akalalama.

"Ndugu yangu," Effie akamwambia, "umepangisha nyumba, sasa unataka kulala kitanda cha mpangaji."

Ningeweza kwenda moja kwa moja kwenye kura. Sikutaka watu waseme Larrick iliponea kwenye uzembe wa mtu. Nikampa Trask jukwaa, akasema, tena akasema vizuri. Niliona vichwa vikikubali. Wengi mle ukumbini walikuwa wamepoteza akiba mwaka ule, na fedha taslimu ina harufu nzuri kwa mwenye hofu.

Ndipo akasimama Ishbel Rankine, mwalimu mstaafu, binti wa wafuga kondoo wa Perthshire.

"Kinnear, usitupambie. Hizo kampuni zinaingiza fedha?"

"Zinaingiza, mama. Isipokuwa ile ya madirisha. Ile inaumwa."

Watu wakacheka.

"Na zile senti za chini ya godoro?"

"Nitanunulia viwanda sasa, wakati wenzangu wanakimbia."

Akamgeukia Trask. "Mwanangu, baba yangu hakuuza kondoo jike wakati wa theluji. Alinunua wa jirani." Akaketi, akavuta mkoba wake magotini.

Tulipiga kura. Larrick iendelee.

Wiki iliyofuata hisa za Trask zilirudi kwake, na kwa kuwa hakupata wa kuzinunua kwa bei aliyoitaka, alibaki nazo. Sisi tulinunua viwanda vizuri kwa bei ya huzuni. Mwaka wa tano ulipofika tena, hisa yetu ilikuwa imepanda zaidi ya maradufu, na Trask alifika Edinburgh mapema, hisa zake zote zikiwa nyumbani. Alikuja kupiga kura tuendelee.

"Usiniangalie hivyo, mzee," akasema. "Ni hesabu tu."

Nikamsogezea sahani ya keki. Kisha nikapanda jukwaani kuwaeleza wanahisa kwa nini, bei zikiwa tamu namna ile, nilikuwa nimeanza tena kuuza.