Tikisa Kabla ya Kutumia

Nasimulia mwenyewe kwa sababu mume wangu, fundi saa, ameshaanza kuwahadithia wateja wake, na kila akisimulia anaongeza chumvi. Juzi nimemsikia akisema eti ile chupa niliitikisa dakika tano. Uongo mtupu. Ilikuwa dakika moja, na aliyeshika saa alikuwa yeye.

Mimi ni mfamasia. Mwaka wa kumi na tisa huu nasimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa, na dawa haitoki mkononi mwangu kabla sijasoma lebo, tarehe na maelekezo. Dada yangu, aliyenitangulia kwa miaka mitatu, anahudumia mvinyo kwenye hoteli kubwa. Yeye ndiye anayemshauri mgeni anywe nini na nyama gani, kisha anafungua na kumimina. Sasa siku mama alipotimiza miaka sabini, mgeni mmoja akatuuliza kazi zetu, na mimi kwa huu mdomo wangu usio na breki nikajibu kwa niaba yetu sote wawili.

"Mimi nimesoma miaka minne nisije nikaua watu," nikasema. "Huyu dada yangu kazi yake ni kuzibua chupa na kumimina."

Watu wakacheka. Nikaona nimepatia, nikaendelea. "Kumimina, jamani! Nani asiyejua kumimina?"

Dada hakucheka. Alichukua mkoba wake, akamuaga mama, akaondoka. Miaka miwili ikapita. Mwanzoni nilijitia kichwa kigumu, nikasema atapoa tu. Hakupoa. Dukani kikitokea kichekesho, mkono ulikuwa unakwenda wenyewe kwenye simu nimpigie, halafu nakumbuka kuwa hapokei. Niliumia, sitaki kuficha. Mume wangu ndiye aliyekuwa akilipia, maana nilimkaripia hata kwa kukohoa.

Basi wiki iliyopita nikapata ujumbe. "Mama amenichosha. Jumapili nitapita saa saba mchana. Sikai." Hakuna salamu wala "ni mimi dada yako". Nikausoma mara kumi.

"Anakuja!" nikamwambia mume wangu.

"Amesema hakai," akanijibu bila kuinua jicho kwenye saa aliyokuwa ameifumua.

"Atakaa. Nitamwekea mezani mvinyo mzuri, nilioutafuta mwenyewe. Akiuona atajua kuwa kazi yake naiheshimu."

"Na wewe unajua nini kuhusu mvinyo?"

Swali la haki. Nilichokuwa nikijua ni kwamba kuna mwekundu na kuna mweupe. Kesho yake nikanunua kijitabu cha mwongozo, kidogo kiasi cha kuingia kwenye mfuko wa koti langu jeupe la kazini. Siku nne nilikisoma kama mtu anayesubiri mtihani, penseli mkononi. Kila mvinyo umepewa nyota, umetajwa mwaka ambao zabibu zilitoka vizuri, na chakula cha kwenda nao. Mteja mmoja aliyefuata dawa ya kikohozi aliona picha ya zabibu kwenye jalada, akaniuliza kama ndimo ninamosomea dozi yake.

Nilipigia mstari karibu kila ukurasa. Nasema karibu, kwa sababu sura ya mwisho ilihusu kumimina, nikairuka. Ningepoteza muda wa nini?

Jumamosi nikaenda duka la vinywaji. Muuzaji, kijana wa maneno matamu, akaniletea chupa yenye utepe wa dhahabu shingoni.

"Hii mama, ndiyo wanayochukua watu wakubwa."

Nikatoa kijitabu, nikalowesha kidole, nikafunua. "Hii imepewa nyota moja. Na hiyo moja nadhani ni ya utepe."

Akaleta nyingine. Nikafunua. Mwaka mbaya, mvua iliharibu zabibu. Ya tatu ilikuwa tamu, na mimi nilipanga kuoka nyama ya ng'ombe. Kijana akaniachia rafu zote nitafute mwenyewe. Nikainama, nikapiga magoti, na chini kabisa nikakuta chupa imelazwa, vumbi limeifunika. Nikaifuta lebo kwa kitambaa changu. Jina ndilo, mwaka ndio, nyota tatu! Kijitabu kilisema: umekomaa, uko tayari, unakwenda na nyama nyekundu. Kwa mazoea ya kazi nikaigeuza kutafuta tarehe ya mwisho wa matumizi.

"Haina hiyo mama," kijana akasema. "Hiyo ikizeeka ndiyo inanoga."

"Najua," nikamjibu kwa ukali, maana nilikuwa nimeshasahau.

Nikaifunga kwa pamba, nikaibeba kifuani hadi nyumbani kama mtoto mchanga.

Jumapili saa sita na nusu nyama imeiva, meza imetandikwa. Nikaichukua chupa nikaiinua dirishani kwenye mwanga niuone uzuri wake. Ubavuni mwake, kwa ndani, palikuwa na unga mweusi umeganda. Mtu mwingine angeshtuka akaiacha. Mimi ni mfamasia. Dawa za maji zenye mashapo chini nimeshagawa chupa ngapi? Sina hesabu. Na kila moja nimempa mgonjwa kwa maneno yale yale: tikisa vizuri kabla ya kutumia.

"Nishikie dakika moja," nikamwambia mume wangu.

"Una hakika?"

"Wewe shughulika na saa zako."

Akashika saa. Nikatikisa juu, chini, kushoto, kulia, mpaka bangili zikapiga muziki. Nilipoiinua tena dirishani, unga wote umepotea. Nikajipongeza kwa sauti.

Saa saba kamili mlango ukagongwa. Dada aliingia na mkoba begani, funguo za gari mkononi, akasimama katikati ya sebule kama mkaguzi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Mama amesema nije, nimekuja. Shemeji hujambo?"

"Sijambo shemeji, karibu ukae."

"Sikai."

Halafu akaiona chupa. Akasogea, akaisoma lebo, akapitisha kidole pale penye mwaka.

"Nani kakuchagulia hii?"

"Nimechagua mwenyewe." Nikachomoa kijitabu mfukoni na kukiweka mezani.

Akakifunua, akaona mistari yangu ya penseli, maswali yangu pembeni, hata doa la dawa ya kikohozi kwenye ukurasa wa nyota tatu. Uso ukamlegea kidogo. "Ningetumwa mimi ningechukua hii hii," akasema.

Jamani, niliruka rohoni! Nikazibua haraka kabla hajabadili mawazo, nikammiminia glasi ya kwanza, nikamkabidhi kwa mikono miwili.

Ilikuwa maji ya mtaro baada ya mvua. Chembe nyeusi zinaogelea, nyingine zinashuka, nyingine zinapanda kuzipokea. Dada akaiinua kwenye mwanga. Akanitazama, akaitazama tena.

"Umeifanya nini?"

"Nimeitikisa."

"Ume...?"

"Nimeitikisa, dada. Vizuri."

"Dakika nzima," mume wangu akaongeza. "Nilishika saa mimi."

Dada aliiweka glasi chini polepole. Nikasema moyoni basi, yameisha, nimemtukana mara ya pili, na safari hii nyumbani kwangu. Akakichukua tena kijitabu, akaenda moja kwa moja nyuma kabisa. Kurasa za mwisho zilikuwa nyeupe pee, hata hazijakunjuka.

"Kitabu kizima umekichafua," akasema. "Mbona huku hukufika?"

Ningeweza kusema muda haukutosha. Uongo ulikuwa umeshafika mdomoni, tayari kutoka.

"Huko ni kumimina," nikasema. "Niliiruka sura hiyo. Nilidhani hakuna cha kujua."

Mume wangu, ambaye kwa kawaida hakosi neno, alikuwa anachunguza kucha.

Dada akaanza kusoma kwa sauti ya kazini, ile ya kuwashauri wageni. "Mvinyo mkongwe huwa na mashapo. Simamisha chupa wima siku nzima kabla ya kunywa. Usiitikise." Hapo sauti ikamkatika. "Usii..." Mabega yakaanza kumcheza. Akaangua kicheko, kile kicheko chake cha utotoni cha kushika mbavu, mkoba ukamporomoka begani hadi sakafuni, funguo zikafuata. "Dakika nzima! Chupa ya nyota tatu! Kwani ulitaka kuninywesha vijiko viwili kutwa mara tatu?"

Nikacheka mpaka nikalia, na kulia kwenyewe kukageuka kulia kweli. "Nisamehe, dada. Nilikudhalilisha mbele ya mama na mbele za watu, na nilichokisema sikukijua."

"Sasa umekijua," akasema akijifuta macho. "Kimekuchafulia glasi."

"Na chupa ndiyo imekufa?"

Akaiinua, akapima kwa jicho. "Haijafa. Rudisha kizibo, isimame mahali pa baridi, asiiguse mtu. Itapungua utamu kidogo, lakini kesho mchana itanyweka." Akaokota funguo zake. "Zamu yangu kesho inaanza jioni. Nitakuja saa saba. Na usithubutu kumimina."

"Sithubutu."

Nikaenda kwenye mkoba wangu wa kazi, nikatoa lebo moja nyeupe, zile tunazobandika kwenye dawa. Nikaandika kwa herufi kubwa, maana mwandiko wangu wa kawaida nausoma peke yangu: ISITIKISWE. KESHO SAA SABA MCHANA. ITOLEWE NA MTAALAMU TU. Nikaibandika tumboni mwa chupa na kuisimamisha mbele ya dada.

Aliisoma. Akaisoma tena, kidole kikipita chini ya mstari wa mwisho. Funguo akaziweka mezani kando ya kijitabu, akavuta kiti, akakaa.

"Hiyo nyama," akasema, "mmeioka ili tuinuse?"