Uji wa Saa Nne

...asimeze, akimeza koo litalia na jirani yake Mwantumu yuko hapo hapo nyuma ya mlango wa jikoni, anapiga hodi ya tatu, "We Mama Yusra! Naomba chekeche, langu limetoboka," na uji umejaa mdomoni, wa moto, kikombe mkono huu, simu mkono ule, saa nne asubuhi ya mwezi wa Ramadhani, na Makuyuni nzima inajua Shamsia amefunga, kajitangaza mwenyewe, ingawa daktari alimwambia tangu Shaabani, mama, kwa vidonda hivi vya tumbo ukifunga utatapika damu, akaitikia ndiyo, akarudi akawaambia watu nafunga... na simu hii, kaipiga mara tano tangu alfajiri, namba unayopiga haipatikani, Yusra yuko Kilimanjaro, kachaguliwa kumbebea mgeni begi hadi kileleni, walikuwa waanze saa sita usiku, saa hizi wawe wanashuka, kama wanashuka... ujumbe wa mwisho ni wa jana jioni, Mama nimefunga kama ulivyosema, kichwa kinauma kidogo, usijali, asijali vipi, "Shamsia, umelala?" hajalala, angelala vipi, anaisikia bado sauti ya Yusra siku ile kutoka Moshi, imejaa furaha, mama nimepata kazi ya upagazi, siku sita, kiongozi wetu anasema kule juu kila mtu anywe maji lita tatu kwa siku hata kama hana kiu, kwa hiyo nitakula, nitalipa baada ya Idi, na yeye badala ya kusema sawa mwanangu akamtupia jicho Mwantumu, aliyekuwa kwenye kigoda akichambua mchicha, Mwantumu huyu huyu aliyemwona Yusra mwaka jana stendi ya Korogwe anakula chipsi mchana wa mfungo, habari ikafika nyumbani kabla ya mtoto, akapaza sauti makusudi, "Utafunga! Bibi yako kalima Handeni jua la utosi na funga yake, na mimi na vidonda vyangu nafunga, niapie!" na Yusra, "Haya mama. Wallahi." Na Shamsia alijua, hilo ndilo, alijua msafiri ana ruhusa ya kula, alifundishwa chuoni kwa maalimu akiwa na miaka tisa, alijua akanyamaza, mtoto kapandishwa mlima bila maji ili jirani asikie... na Yusra akiapa kaapa, tangu mdogo akirudi shule na kiu haombi, analamba midomo tu, unamwona analamba midomo unajua... "Haya bwana, nitarudi," na kandambili zinaanza kuburuta uani, aende, alhamdulillahi, aende, uji umeshapoa ulimini... na Shamsia anameza, kwa sauti, kama anayetaka kusikika, "Nipo, Mwantumu. Nakunywa uji. Sijafunga hata siku moja mwezi huu." Kandambili zinasimama. Sasa atakwenda kusema kisimani, akaseme, asiache hata neno... kisha sauti, ya chini, imebandikwa kwenye ufa wa mlango, "Kumbe na wewe? Mwenzio na hivi vidonge vya presha, tangu mwezi uandame nanywa chai bafuni." Siku nyingine angecheka mpaka akae chini, chai bafuni, mwanamke mzima, lakini kicheko hakiji, kwa sababu basi ni wote wawili, aliyetaka asikike na aliyesikia, na kati yao aliyefunga kweli ni mmoja tu, yuko kule kwenye barafu na begi la mtu mgongoni, analamba midomo, anawafungia wote... anabonyeza tena, namba unayopiga, anakata, anaandika kwa dole gumba, kunywa maji mwanangu, mama alikudanganya, anatuma, kikombe bado mkononi, Mwantumu bado mlangoni, "We, nifungulie basi," na ujumbe umekaa pale pale, haujaenda, haujaenda...