Akaunti ya Bariki

Saa nne asubuhi saluni ya Naisula pale Kaloleni ilishajaa, wanawake wanne wamebanana kwenye benchi na umbea umekolea, ndipo Bariki, mdogo wake Naisula, alipoingia. Alipangusa viatu mlangoni. Alikuwa amekufa tangu Februari, huko msituni alikoitwa na watu wa mtandaoni kwenda kupigana.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba. Umekonda, baba," alisema Mama Ezra, akamsogezea nafasi.

Shida haikuwa Bariki. Shida ilikuwa akaunti yake, iliyoendelea kuposti bila yeye: Bariki anacheka, Bariki na sinia la nyama, njooni ndugu zangu, huku mtu anaheshimiwa. Wiki hiyo ilikuwa inachati na Ezra, aliyemaliza chuo Makumira na kukaa nyumbani miaka miwili.

"Nyama hiyo nilikula Ngaramtoni, kwenye kipaimara cha binamu yetu Anna," alisema Bariki. "Kule tulikula majani. Nilipotaka kurudi, wakanipiga risasi wao wenyewe. Andika hivyohivyo, dada."

Naisula akaandika kwenye akaunti yake mwenyewe, maana simu haikutambua vidole vya Bariki. Wakarekodi na video. Ikatoka sauti na kiti kitupu. Watu wakasifia kiti.

Alasiri Ezra alikuja mwenyewe. Alimpa Bariki mkono, akamsikiliza mpaka mwisho. Simu yake ikalia, akasoma.

"Bariki anasema nisikusikilize."

"Bariki ni mimi, Ezra. Tumecheza mpira wote."

"Yule ana wafuasi elfu tisa, kaka. Wewe una nani?"

Wanawake kwenye benchi wakacheka.

Naisula aliripoti ile akaunti. Kampuni ikamtaka Bariki aitazame kamera na apepese macho. Akapepesa, mara tatu. Kesho yake ikafungwa akaunti ya Naisula, kwa kosa la kujifanya mtu mwingine. Alhamisi Ezra aliondoka na begi dogo, akamwambia mama yake anakwenda kwenye usaili.

Mwezi uliofuata Ezra aliingia saluni, shati limegandia tumboni kwa damu, akaketi kando ya Bariki. Mama yake alikuwa kwenye kiti cha mbele, nusu ya kichwa imesukwa. Alimtazama kwenye kioo kwa muda mrefu. Kisha akafungua simu.

"Ezra wangu kaniandikia leo asubuhi," aliwaambia wenzake. "Anasema wanakula vizuri."

Naisula aliacha kusuka.

"Mama," alisema Ezra.

"Ngoja kidogo, baba," alijibu, macho kwenye simu. "Mwanangu anaandika."